Fetre Shingoni mwa Shefu

Jumatano, mwezi wa kumi. Alfajiri mvua ilinyunyiza kidogo, mvua ya kudanganya vumbi tu, halafu jua likatoka kali na ziwa likatulia.

Naandika haya kwenye kaye yangu, hili daftari la mistari, na sina hakika kama nitayaandika sawa. Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari, na mwalimu mmoja alikuwa akisema kwamba mimi naelewa jambo siku moja baada ya wengine. Anayesoma anisamehe kama maana itachelewa.

Hapa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, mimi ni reko. Reko ni mtu wa mtaa anayepita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu mambo ya afya: laleni ndani ya chandarua, chemsheni maji, leteni mtoto kwenye chanjo. Hatuna koti jeupe. Tuna fulana, na mimi nina megafoni, ambayo naipenda kuliko ninavyopaswa kupenda kitu cha kazi.

Leo ekipe yetu, kikundi chetu cha kazi, ilivuka ziwa kwenda Ubwari kutoa chanjo ya matone. Tulikuwa wanne, na mwenye boti wa tano. Shefu wetu ni muganga wa hospitali wa siku nyingi, mwanaume mwenye shati la mifuko miwili lililopigwa pasi hata siku ya kuvuka ziwa. Kulikuwa na muganga mwanamke, bado kijana, yeye ndiye anayetia matone kinywani mwa watoto. Kulikuwa na mwalimu wa shule ya msingi aliyeshika fishi, ile karatasi ya kuhesabia watoto. Na mimi wa kelele.

Kabla ya kutoka nyumbani nilifunga ufunguo wa depo, stoo yetu ya chakula, kwenye ncha ya kitenge changu. Nafanya hivyo tangu mwezi uliopita, unga ulipopungua na hakuna mtu wa nyumba aliyejua umeenda wapi. Wakati wa kuingia botini ule ufunguo ulinigonga gotini. Sikuufikiria zaidi.

Mawazo yangu yalikuwa nyuma ya kilima. Pale tunaposhukia kuna kijiji kikubwa, na nyuma ya kilima chake kuna kijiji kidogo ambacho watu wake wanalima muhogo. Mara mbili mwaka huu niliwaambia wamama wa kule wangoje chanjo, na mara mbili ekipe ilimaliza siku nzima pwani ikarudi Baraka. Mara ya pili mama mmoja aliniuliza, polepole, bila hasira:

"Mama, weye unakuyaka na megafoni. Dawa inabakiaka wapi?"

Ijumaa iliyopita nilirudi tena peke yangu. Nikaapa mbele yao: Jumatano, kabla ya saa saba mchana. "Kama hatukufika, siku ingine musinifungulie mulango." Sijui nani alinituma kuapa. Lakini kazi ya reko ni mlango. Ukishafungwa, unabaki mwanamke mwenye megafoni njiani.

Sasa niseme juu ya fetre, na niseme kwa haki.

Mtoto akishapata matone, anapakwa wino mweusi kwenye ukucha wa kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ili asipewe mara ya pili. Kalamu ya huo wino tunaiita fetre. Safari moja ya mwaka jana fetre ilikuwa mikononi mwa yeyote. Mtu mmoja aliiweka juu ya jiwe kwa muda mfupi, na sikatai kwamba mtu huyo anaweza kuwa mimi. Batoto wakaiona. Tulipogeuka, walikuwa wamepakana vidole vyote kumi, na vya miguu, na mbuzi mmoja alikuwa na pembe nyeusi. Hatukujua tena nani amepata na nani hajapata. Shefu aliandika barua ya maelezo kwa wakubwa wake, na ile barua ilirudi na maswali, na yale maswali yakarudi na maswali mengine.

Tangu siku hiyo Shefu amefunga fetre kwa kamba na kuivaa shingoni. Hakuna anayeishika isipokuwa yeye. Mi naona alikuwa na sababu. Naandika hilo mapema ili lisipotee mbele.

Tulishuka, tukaweka meza kwenye kiwanja cha kanisa, na nikaita. Wamama walikuja wengi, wa kanisani na wa msikitini, kila mmoja na wake mgongoni na wengine mkononi. Muganga wetu ana mkono mwepesi: anafinya mashavu, tone, tone, mwingine. Hata kilio cha mtoto hakijapata nafasi ya kutoka. Kisha mtoto anapita kwa Shefu.

Shefu anachukua kile kidole. Anakipangusa kwa kitambaa. Anakiangalia juani. Anapaka kutoka pembeni hadi pembeni, bila kuacha hata kipande cheupe, kama mtu anayepaka rangi mlango wa askofu. Anapuliza. Halafu anamuuliza mama, "Huyu ni wa ngapi?" na "Baba yake anavua ao analima?" na anasikiliza jibu. Kwa kweli sijaona mtu anayeheshimu ukucha wa mtoto hivyo. Lakini wakati yeye anapuliza mmoja, muganga ametia matone kwa watano.

Hao watano wakasimama pembeni kungoja. Wakawa kumi, wakawa wengi zaidi. Na mtoto hajui kusimama pembeni. Waliopata matone wakarudi kucheza na wale ambao hawajapata. Mi niliona, nikajiambia labda ni mimi sielewi, wakubwa wana mpango. Mwalimu ndiye aliyesema.

"Shefu, hawa benye kukosa alama banachanganyika na bale benye kukosa matone."

"Ni juu ya hiyo tunapaka alama, Mwalimu," Shefu akajibu, na akapuliza.

Mwalimu aliniangalia. Nikaangalia megafoni.

Walikuwepo mapacha wawili wa kiume. Mama yao alipopita kwa muganga, mmoja tu ndiye aliyepata matone, wa pili alikuwa ametoroka kabla. Walipoletwa wote wawili kwa Shefu, hakuna aliyejua ni yupi aliyepata.

"Mama, ni nani alipata?" Shefu akamuuliza.

"Ni ule mwenye kulia."

Wote wawili walikuwa wanalia.

"Ule mwenye kulia ya kwanza," mama akasema.

Shefu alifungua vinywa vyao akachungulia, sijui alitafuta nini. Nyuma mama mmoja mwenye beseni la ndagaa kichwani akasema kwa sauti ya kutosha: "Kama munatafuta samaki, iko huku." Watu wakacheka. Shefu pia alicheka, niandike hivyo, ila baada ya kicheko alitoa amri kwamba mstari wote uanze upya, kila mtoto aitwe kwa jina na mama yake aulizwe. Ilikuwa inakwenda saa tano.

Ndipo akaja mjumbe wa mkubwa wa kijiji. Mkubwa amesikia wageni wamefika, na wageni hawajamsalimu. Hilo nalo si jambo la kucheka. Ukishuka kwenye kijiji ukapita mlango wa mkubwa bila salamu, mwaka ujao hutapata hata mtu wa kukushikia kamba ya boti. Shefu ilimbidi aende. Akajipanga shati, akatuambia, "Niko nakuya sasa hivi," akaenda. Fetre ikaenda naye, ikichezacheza kifuani.

Muganga alikuwa ameinua kichupa juu ya kinywa cha mtoto. Akakishusha.

"Nitie, nisitie?" akatuuliza.

Ukitia, alama haipo. Usipotia, mstari umesimama. Mwenye kichupa, mwenye fishi, mwenye megafoni, tukakaa kwenye benchi la kanisa kama watu wanaongoja mazishi yaanze. Glasiere, lile sanduku la barafu linalotunza dawa, lilikuwa chini ya meza. Muganga alilifungua, akagusa barafu ndani, akalifunga haraka.

"Iko bado?" nikauliza.

"Iko. Lakini inaanza kuwa maji."

Mwenye boti alipanda kutoka ufukweni kuona kuna nini. Ni mtu wa maneno machache. Alituangalia sisi watatu, akaangalia jua.

"Saa tisa mi naondoka. Saa tisa ikipita, maji itachafuka."

"Tunangoja Shefu," nikamwambia.

"Shefu ndiye anatiaka dawa?"

"Hapana. Iko na fetre."

Akafikiri. "Basi kwa boti yangu iko vizuri sikufunga usukani shingoni. Ningetoka kwenda kukojoa, bote mungezama." Akashuka tena.

Mwalimu alisema tupake mkaa. Muganga akasema mkaa unatoka kwa jasho. Mwalimu akasema basi aandike majina kwenye mikono yao kwa biki yake. Tulibishana vizuri sana, na wakati tunabishana alikuja msichana mkubwa kutoka nyuma ya kilima, ametumwa, ana jasho usoni. Alinitafuta mimi.

"Mama, bamama banauliza: ni leo, ao ni ile leo yako ingine?"

Wamama wale waliacha mashamba. Wengine wana mtoto wa mwaka mzima ambaye hajaonja tone. Nikamwambia, "Ni leo. Rudia kule useme ni leo." Akaenda, na kwa jinsi alivyokwenda polepole niliona haamini.

Nikainuka kwenda kwa mkubwa. Mi ni nani wa kumwita Shefu mbele ya mwenyeji wake, chakula kikiwa mezani? Mtu akimtoa mgeni kwenye sahani anamwaibisha mwenye nyumba na mgeni pamoja. Njiani nilipanga maneno, nikayapangua. Niliona ni bora nimnong'oneze sikioni, awe kama amekumbuka mwenyewe.

Nilikuta wamekaa barazani, samaki mikebuka wa kukaanga na bugali mbele yao, na Shefu alikuwa ametia tonge la kwanza tu. Nilipiga goti, nikasalimu, nikamsogelea Shefu, nikainama sikioni mwake. Megafoni ilikuwa begani mwangu. Kifungo chake ni kibovu tangu mwezi wa nane, kinajiwasha chenyewe ukiinama. Nilijua hilo. Nalijua kila siku isipokuwa leo.

"SHEFU," megafoni ikasema kwa kijiji kizima, "TUSAMEHE. TUNAKUOMBA ILE FETRE. BAMAMA YA NYUMA YA KILIMA BANANGOJA, NA BARAFU INAKUWA MAJI."

Sikusikia mwenyewe, kwa sababu nilikuwa ndani ya sauti. Niliona tu mkubwa ameacha kutafuna. Shefu naye hakutambua, alikuwa na sikio lingine upande wa ukuta. Akaninong'oneza naye, kinywa karibu kabisa na megafoni:

"MAMA, FETRE SIWEZI KUACHIA MUNTU. UNAJUA WEYE MWENYEWE, NI WEYE ULIIWEKA JUU YA JIWE."

Kutoka kiwanja cha kanisa kilikuja kicheko kirefu, wanawake na watoto pamoja. Ndipo tukaelewa wote wawili kwa wakati mmoja. Nilizima megafoni kwa mikono miwili, kama mtu anayekaba kuku.

Basi sasa Ubwari yote inajua jambo la jiwe. Sawa, ni kweli.

Mkubwa wa kijiji alinawa mkono, taratibu. Akamwambia Shefu:

"Mugeni wangu, mi niko na banakijiji wengi. Kama kila mutu angengoja mukono wangu mbele ya kufungua mulango yake, ningekuwa hapa na weye leo? Ningekuwa nafungua milango."

Akamsogezea samaki. Shefu hakumgusa tena. Akapitisha ile kamba juu ya kichwa chake. Ilikwama kwenye sikio, akaitoa. Akanipa mkononi, na ilikuwa ya moto kutokana na kifua chake. Nilitaka kumwambia pole. Nikasema, "Aksanti, Shefu," nikakimbia, na kukimbia kwangu si kitu cha kuangalia.

Tuliamua Mwalimu ashike fetre, kwa sababu ana mkono wa kuandika, na mimi niishike fishi. Watoto wakaanza kwenda. Nami nikaona ajabu. Mwalimu alipaka kucha mbili haraka. Ya tatu alianza kuinyoosha pembeni. Ya nne aliipangusa kwanza. Ya tano alimuuliza mtoto yuko mwaka gani shuleni, na mtoto alikuwa wa miezi kumi. Nilianza kufikiri labda ubaya haukai ndani ya mtu. Labda unakaa ndani ya fetre.

Shefu alikuwa amekuja. Alisimama nyuma yetu, mikono hana pa kuiweka, mara mfukoni, mara nyuma, mara kifuani kugusa kamba ambayo haipo. Alimwangalia Mwalimu akipuliza ukucha.

"Mwalimu," akasema, "alama tu. Hauandike barua."

Muganga aliinama akajifanya anatafuta kitu ndani ya glasiere. Mabega yake yalikuwa yanacheka. Baada ya hapo Mwalimu alipaka mbio, na pale kanisani tulimaliza kabla sijaelewa fishi vizuri. Kuna mistari miwili niliyojaza mahali si pake. Nimemwambia Mwalimu.

Saa saba ilikuwa imekwisha kupita. Shefu alichukua glasiere mwenyewe, akaiweka begani juu ya lile shati la pasi, na kupanda kilima mbele yetu. Maji yalimtiririkia mgongoni njia nzima. Juu kabisa alisimama kupumua, nikamfikia.

"Mama Reko, wale bamama uliwaambia saa ngapi?"

"Saa saba, Shefu."

"Kwa nini haukuniambia asubui?"

Hilo swali nimelibeba mpaka nyumbani. Kwa kweli sikumwambia. Nilingoja aone mwenyewe.

Nyuma ya kilima walikuwepo, si wote. Wengine walikuwa wamerudi mashambani, lakini yule msichana mkubwa alitumwa tena kuwaita, na waliobaki walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha nyumba na migongo yao kwetu, kama watu wasiotungoja. Muganga alifungua kichupa, akatuonyesha kile kialama cha mraba ambacho kinageuka rangi dawa ikiharibika kwa joto. Kilikuwa bado cheupe. Barafu ilikuwa kipande kama sabuni inayokwisha.

Hatukuweka meza. Muganga alipita na matone, Mwalimu nyuma yake na fetre, mguu kwa mguu, mtoto hapati nafasi hata ya kugeuka. Shefu aliwashika watoto wakorofi, na nimeona kwamba hiyo kazi anaiweza kuliko sisi sote. Alikuwa miaka ile Lusenda wakati kambi ya wakimbizi inafunguliwa, anajua kumshika mtoto anayepiga mateke bila kumuumiza. Mwaka mzima kile kipaji kilikuwa kimefungwa kwenye kamba ya fetre.

Yule mama aliyeniuliza dawa inabakia wapi alikuwa wa mwisho, ametoka shambani na udongo miguuni. Mtoto wake alitema kidogo, akaongezwa. Ukucha ukawa mweusi, umepakwa vibaya, nusu ya wino kwenye nyama. Mama alikiangalia kile kidole.

"Basi leo yako imekuwa leo," akaniambia. "Ukikuya siku ingine, piga hodi. Lakini ile chombo uache kule chini."

Tulifika botini na saa tisa imepita kidogo. Mwenye boti alikuwa amewasha mashine ili tuone aibu. Ziwa lilikuwa limeanza kuchafuka, na tulilowa. Katikati Shefu alinisogelea.

"Najua unaandikaka. Hii utaandika?"

"Nitaandika, Shefu."

Milima ya Baraka ilipokuwa karibu akanigeukia tena. "Basi andika na ya mbuzi."

Nimeiandika.

Nyumbani nilifika jua likiwa bado juu kidogo ya milima. Wote walikuwa wamekaa nje: mume wangu, mke wa mwanangu, wajukuu watatu. Hakuna aliyekuwa anafanya kitu. Sufuria ilikuwa juu ya mafiga na maji yake yanacheka peke yake.

"Muko salama?" nikauliza.

"Ile maji imechemka mara ya tatu," mume wangu akasema.

Mke wa mwanangu akasema kwa adabu yake yote, "Mama, mboga ya sombe niliipika tangu muchana. Ilibakia unga tu."

Nilifungua kinywa kueleza juu ya mwezi uliopita, jinsi unga ulivyopungua na hakuna aliyejua. Sababu ilikuwa nzuri. Nilikuwa nimeshaisikia leo. Nikafungua ncha ya kitenge, fundo likakataa kwa ajili ya maji ya ziwa, ikabidi nitumie meno, na wajukuu walikuwa wananiangalia kama watu wa mstari wa kanisani.

Ule ufunguo sasa uko kwenye msumari wa mlango wa jikoni. Naandika nikiuangalia. Mara mbili nimeinuka kuugusa.

Tulikula bugali ya muhogo na sombe iliyopashwa moto, na ndagaa ambao mume wangu alikuwa ameshawala nusu bila bugali, akingoja.